Jibu: Akijibu "Sawa." tu, ndiyo amenichoka?

Mdogo wangu, umeandika mistari sita kumwalika Jumamosi, yeye akarudisha "Sawa." yenye nukta, na sasa unauliza kama amekuchoka. Nukta isikunyime usingizi. Wengine tulianza meseji kwenye simu za vitufe, herufi 160 kwa meseji moja na kila moja inakata pesa. "Cjui", "xaxa" na "2taonana" zilistawi humo humo. Tumezeeka tukiwa bado wabahili wa maneno. Mimi mwenyewe humjibu mama watoto "Haya" nikiwa nimening'inia mlangoni mwa daladala, na hakuna hasira hata chembe.

Tiki za bluu za WhatsApp ndiyo balaa lenyewe. Tangu zianze 2014 zimegombanisha watu bure. Zinasema meseji imefunguliwa, basi. Hazisemi aliyefungua alikuwa mbele ya bosi wake au jikoni anageuza chapati. Tena mtu anaweza kuzizima kwenye mipangilio, wewe ukabaki unakodolea tiki mbili za kijivu na mwenzio ameshasoma zamani.

Ningeangalia kitu kimoja tu: amebadilika? Kama toka mwanzo ni mtu wa "poa" na "sawa", ndivyo alivyo. Kama alikuwa anakuandikia gazeti kila usiku na hii ni wiki ya tatu ya "sawa", mpigie. Usimtumie "mbona siku hizi umebadilika?" saa sita usiku, nakuomba. Piga, usikie sauti.

Halafu Jumamosi si amekubali? Nenda.