Stata ya Trekta Dogo: Tafuta Kilichoiua Kabla ya Kufunga Mpya

Trekta dogo la Kijapani lililotumika, lile la silinda 2 au 3 linalolima bustani za viazi na vitunguu Uyole au kuchabanga (kuvuruga tope la) majaruba ya mpunga kule Mbarali, likigoma kuwaka, lawama ya kwanza huiangukia stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake. Mara nyingi stata haina kosa. Na ikiwa imekufa kweli, kipo kilichoiua. Ukifunga mpya bila kukitafuta, utarudi dukani Mwanjelwa, Mbeya, msimu haujaisha.

Kazi inaanza na mita ya umeme, spana baadaye. Betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma kama volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.2, ichaji kwanza. Kisha vuta kitasa cha kuzimia injini ili isiwake, mwenzako azungushe ufunguo, nawe usome mita kwenye tamino za betri. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri imechoka. Jaribu nyingine nzima. Nayo ikishuka vilevile, stata inavuta umeme kupita kiasi, au injini yenyewe ni nzito. Jaribu kuizungusha kwa spana kwenye puli ya mbele. Isipozunguka kabisa, achana na stata, tatizo liko ndani ya injini.

Hapo hapo pima ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye tamino hasi ya betri. Ncha moja ya mita iguse tamino hasi ya betri, nyingine mwili wa stata, ufunguo uzungushwe. Ikizidi volti 0.3, umeme unapotea njiani. Upande wa chanya, kutoka betri hadi nati kubwa ya stata, usivuke 0.5. Tunasisitiza ethi kwa sababu mengi ya matrekta haya hupakwa rangi upya kabla ya kuuzwa, na rangi huingia mpaka pale stata inapokaa na pale kebo hasi inapofungwa kwenye chasi. Trekta linang'aa, lakini umeme haupiti. Kwangua rangi mpaka chuma cheupe, kaza, ndipo upake grisi kwa juu.

Ukisikia "tak" moja kisha kimya, au kimya kabisa, pima waya mwembamba unaotoka kwenye swichi kwenda solenoidi, kile kichupa kilichobebwa mgongoni mwa stata. Ufunguo ukizungushwa, unatakiwa upate umeme unaokaribia wa betri. Ukipata volti 8 au 9, swichi imechakaa, au swichi ya usalama ya klachi, ile inayozuia stata mpaka klachi ikanyagwe, ina kutu. Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) ya ampea 30 iliyofungwa karibu na stata, ikichukua umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi, humaliza ugonjwa huo kwa bei ndogo kuliko stata. Lakini usiunganishe nguzo za stata kwa bisibisi ili kuiwasha kwa shoti. Njia hiyo inaziruka swichi zote za usalama, na trekta likiwa kwenye gia linaondoka na kumpitia aliyesimama kando ya tairi.

Ikithibitika kuwa stata ndiyo mbovu, weka gia nyutro, shusha rotoveta (mashine ya kulimia ya nyuma), vuta breki. Fungua kebo hasi kwanza. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Piga picha ya nyaya. Stata nyingi za aina hii hushikwa na bolti mbili za spana 14 au 17. Ya chini huwa imeganda kwa tope, kwa hiyo ilowanishe mafuta ya kupenya jioni, ufungue asubuhi. Ukikuta wosha nyembamba kati ya stata na injini, zitunze, ndizo zinazopanga umbali wa meno.

Sasa isome stata uliyoitoa. Ikivuja oili mdomoni, sili ya nyuma ya injini imekwisha, na oili hiyo itaziua kaboni (vipande vinavyopitisha umeme ndani) za stata mpya pia. Tope na kutu ndani ni dalili ya wachabangaji: maji yameingia kwenye kasha la klachi na kitobo cha chini cha kuyatolea kimeziba. Kizibue kwa waya kila baada ya kazi ya majaruba. Harufu ya kuungua inatokana na kuzungusha ufunguo muda mrefu, na hilo ndilo la Makete na Njombe mwezi Juni na Julai. Asubuhi ya baridi zipe hita plagi, zile zinazopasha silinda moto, sekunde 15 hadi 20, zungusha stata kwa sekunde 10 zisizozidi, kisha pumzisha dakika nzima. Hita plagi moja ikifa, stata ndiyo inayobeba mzigo wake.

Angalia pia meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini linalosukumwa na gia ya stata, kupitia tundu la stata, huku mwenzako akizungusha injini kwa mkono polepole mzunguko mzima. Injini ya silinda 3 hupenda kusimama mahali patatu, na meno hulika hapo hapo. Meno yaliyolika sana yanadai kugawanya trekta, yaani kutenganisha injini na gia boksi. Ni kazi kubwa, ila stata mpya juu ya meno hayo itatafunwa mapema.

Si lazima ununue stata nzima. Kaboni, bushi (pete zinazoshika ekseli ya stata) na bendeksi (gia yake inayoruka mbele) hubadilishwa, na solenoidi huuzwa peke yake. Stata ikivuma bila kugeuza injini, bendeksi inateleza. Amecha, sehemu ya ndani inayozunguka, ikiwa imekwanguliwa ubavuni, bushi zimekwisha. Ukinunua nzima, nenda na ya zamani. Hesabu meno ya gia yake, linganisha umbali wa matundu ya bolti na mwelekeo inaozunguka. Ibane kwenye jiliwa, ijaribu kwa betri hapo hapo dukani: gia iruke mbele na kuzunguka kwa pamoja, kisha irudi.

Wakati wa kufunga, kaza bolti zote mbili kwa zamu. Nati ya shaba kwenye solenoidi ikazwe kwa kiasi, huku nati ya ndani umeishika kwa spana nyingine, maana plastiki yake hupasuka na nguzo huanza kuzunguka. Injini ikiwaka, sauti ya stata ikatike mara ufunguo unapoachiwa. Ikiendelea kulia, zima, toa kebo hasi, na uangalie zile wosha.

Jaribio la mwisho ni la swichi ya usalama ya klachi: gia nyutro, klachi bila kukanyagwa, geuza ufunguo. Kama trekta lako lina swichi hiyo, stata isizunguke.