Mbwa anaguguna viti na sofa: kabla hujapaka pilipili au oili chafu soma hapa

Dada pole sana na viti vyako. Kwa ambao hawajasoma swali lake, ana mbwa mtoto wa miezi mitano, chotara wa Jemani Shepadi, anakaa naye ndani, ameshaguguna miguu ya viti vya mezani na mkono wa sofa, mumewe anataka afungwe mnyororo au atafutiwe mtu wa kumchukua, na wengi huko juu wamemwambia apake pilipili au oili chafu. Mimi nimefuga mbwa ndani hapa Dar muda mrefu sasa, wawili kati yao walikuwa wanaguguna balaa, na nakuhakikishia hii kitu inaisha ila haiishi kwa kupakapaka vitu.

Niseme la oili chafu kwanza maana limenitisha. Ile tunapaka kwenye mbao za kenchi na nguzo kuzuia mchwa, sawa, lakini ni mafuta yaliyotoka kwenye injini yana mabaki ya vyuma na takataka kibao, mbwa akiiguguna hiyo mbao anakula sumu. Pilipili nayo kuna mbwa wanailamba wanaendelea kama hamna kitu, na kuna wengine inawaingia machoni wanateseka, halafu mtoto wa nyumbani akishika kiti akajifikicha jicho kilio chake utakisikia mtaa mzima. Na yule aliyesema shubiri kwa kuwa ndo tunayomwachishia mtoto ziwa, hapana jamani, utomvu wa shubiri unamharisha na kumtapisha mbwa. Kama lazima upake kitu basi siki na maji, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana isije ikaharibu vanishi, ila ujue harufu inaisha mapema na mbwa anarudi palepale, kwa sababu kilichompeleka bado kipo.

Sasa hicho kilichompeleka ndo cha kukitafuta. Kaa siku chache uangalie anaguguna NINI, WAPI na SAA NGAPI, hiyo itakwambia zaidi ya mafundi wote wa humu.

Wa kwako kwa umri huo naamini kabisa ni meno. Mbwa ana meno ya utoto 28, kuanzia kama miezi mitatu minne yanaanza kung'oka yanaota ya ukubwani 42, zoezi lote linaisha kwenye miezi sita au saba. Fizi zinamuwasha, zinamuuma, ukikagua kitanda chake unaweza kukuta kijino au alama za damu kwenye kitambaa, na anatafuta kitu kigumu kiasi chenye ukingo wa kukaa vizuri mdomoni, sasa mguu wa kiti umekaa hivyo hivyo. Yule Shepadi wangu alipitia hapo, hakuchagua paina wala mninga, chochote cha mbao chini ya kimo chake kilikuwa halali yake. Kilichomtuliza ni baridi. Taulo kuukuu unaikata, unailoweka kwenye maji au mchuzi wa mifupa usio na chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, swaumu pia), unaisokota, unaweka friza. Ikishaganda mpe aigugune wewe ukiwepo, ikianza kuachia nyuzi mnyang'anye maana akizimeza zinaweza kumsokota tumbo. Karoti nzima ya kwenye friza nayo inafanya kazi, na ni rahisi. Kama utapata ile midoli ya raba nene yenye tundu katikati, ijaze ugali laini na dagaa kidogo, gandisha, mpe jioni pale mnapokaa sebuleni. Aisee hapo utasikia ukimya ambao hujausikia siku nyingi.

Vya kumpa navyo vina sheria yake. Kandambili iliyochakaa usimpe, hajui tofauti ya iliyochakaa na ile uliyonunua jana, kwake zote zinanuka wewe. Mifupa iliyopikwa hapana, hasa ya kuku, inapasuka vipande vyenye ncha. Kwato na ile mifupa migumu ya mguu wa ng'ombe inavunja meno. Kuna kipimo wanachotumia madaktari wa mifugo, bonyeza kitu kwa ukucha wa dole gumba, kama hakibonyei hata kidogo basi ni kigumu mno kwa jino la mbwa.

Wakati huohuo mpunguzie nafasi ya kukosea. Hii watu wengi wanairuka na ndo nusu ya kazi. Mbwa wa miezi mitano haachwi peke yake sebuleni kwenye masofa, hata kwa muda wa kwenda kuoga. Fundi seremala yeyote anakutengenezea kigeti kifupi cha mbao cha mlangoni, anabaki jikoni au korido pasipo na kitu cha thamani, na ukiwa naye sebuleni mfunge kamba fupi karibu na mguu wako. Waya za ekstensheni nyanyua zote, hilo fanya leo leo kabla hujamaliza kusoma, kiti kinafanyiwa ukarabati lakini mbwa aliyepigwa na umeme harudi.

Ukimkuta na kiti mdomoni usimkimbize wala usimvute taya, ukivuta na yeye anang'ang'ania na mwisho anajifunza kulinda vitu kwa kukung'ata. Muite kwa sauti ya kawaida, msogezee dagaa mmoja puani, akiachia sema "acha", mpe dagaa, halafu palepale mkabidhi kitu chake. Rudia rudia, kuna siku utasema acha na ataachia hata huna kitu mkononi.

Kumpiga je, maana shemeji naona amelitaja. Ukirudi ukakuta sofa limechanika ukampiga, yeye anaunganisha kipigo na wewe kuingia mlangoni, sio na sofa la saa tatu zilizopita. Watu wanasema mbona anainamisha kichwa, anajua kosa lake. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Alexandra Horowitz alilipima hili mwaka 2009, mbwa walionesha ile sura ya hatia zaidi pale mwenye mbwa anapowagombeza, hata wale ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote. Ile sura ni woga dada.

Mbwa wangu wa pili kesi yake ilikuwa nyingine kabisa, nasema ili na wengine wenye mbwa wakubwa wasaidike. Huyu nilimpokea mkubwa, mwenyewe alihama mji. Masofa hakugusa, alikuwa anaguguna fremu ya mlango wa mbele na grili ya dirisha, na ni pale tu tukitoka wote, majirani wanasema analia. Hiyo siyo meno wala ujeuri, ni hofu ya kuachwa, na mnyororo unaiongeza. Dawa ilikuwa taratibu: nashika funguo nakaa tena, natoka mlangoni narudi kabla hajaanza kulia, naongeza muda kidogo kidogo, hakuna kuagana kwa mbwembwe wala kurudi kwa mbwembwe, na kabla ya kutoka anatembezwa alfajiri jua halijawa kali halafu namwagia dagaa kwenye nyasi azitafute kwa pua. Kunusa kunamchosha kweli.

Jambo la hatari nimalizie. Akimeza sponji la sofa halafu akaanza kutapika, hali chakula, hapati choo, usimpe mafuta ya kula eti yateleze, muwahishe kwa daktari wa mifugo, utumbo ukiziba ni upasuaji. Na mbwa ambaye hakuwa na tabia hii halafu ghafla anang'ata mbao, mawe, vitu visivyolika, anatokwa udenda, sauti imebadilika, anamrukia kila mtu, msimsogelee, hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa, piga simu kwa ofisi ya mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo.

Dada ukirudi hapa tuambie mchana anabaki na nani, na kama ameshachanjwa kichaa, maana hiyo kuanzia miezi mitatu anatakiwa awe nayo. Na mwambie shemeji akusubiri mpaka meno yaishe kuota ndo muongee habari ya kumtoa.