Swali la lugha: “Kupigwa shoti” au “tiba ya umeme”?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma. Nimepewa kazi ya kuandaa kipeperushi cha Kiswahili kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa. Kinaeleza utafiti wa kupima damu ili kuona kama inaweza kutabiri ni mgonjwa yupi wa sonona, kati ya wale ambao dawa hazijawasaidia, atapata nafuu kwa matibabu ya umeme. Nimekwama mahali patatu. Ugonjwa niuite sonona isiyotibika, sonona sugu au sonona isiyosikia dawa? Matibabu niyaite tiba ya mshtuko, au niandike tu kupigwa shoti kama watu wanavyosema? Na kile kinachotafutwa kwenye damu ni dalili, vipimo au viashiria?

JIBU: Marahaba dada. Nianze na lile la pili, maana ndilo litakaloamua kama ndugu wa mgonjwa atamaliza kusoma au atakipeleka kipeperushi chako kikafungie vitumbua.

Wengi hudhani ubaya wa “kupigwa shoti” uko kwenye kupigwa. Haupo. Kiswahili kinapiga kila kitu: tunapigwa picha, shati linapigwa pasi, mtu anapiga mswaki asubuhi na simu mchana, na mwenye kikohozi anapigwa eksirei bila jirani kuuliza kaonewa na nani. Kitenzi hiki makali yake yaliisha zamani. Ubaya uko kwenye shoti. Shoti ni ajali. Ni waya uliochunika kwenye banda la kuchomelea mageti, ni pasi mbovu, ni fundi aliyesahau kuzima swichi kubwa. Hakuna apigwaye shoti kwa faida yake. Ukimwambia mama aliyetoka Kongwa kwamba mwanawe atapigwa shoti Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, umemwambia kuwa mwanawe atapata ajali mara tatu kwa wiki, tena kwa ratiba.

“Mshtuko” una heshima kidogo, lakini nao unapotosha. Tunashtushwa na habari za msiba na nyoka mlangoni. Msomaji ataelewa kwamba mgonjwa anashtuliwa ili azinduke, kama mtu aliyezimia anavyomwagiwa maji. Sivyo. Madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini walipoanza kutumia tiba hii Roma mwaka 1938, shabaha yao haikuwa umeme wenyewe. Walitaka ubongo utukutike kwa muda mfupi, mtukutiko wa aina ya kifafa. Miaka minne nyuma, Ladislas Meduna, daktari wa Budapest, alikuwa ameutafuta mtukutiko huohuo kwa sindano ya kafuri, hii hii tuiitayo karafuu maiti. Umeme ulikuja kama ufunguo mwepesi zaidi wa mlango uleule. Kumshtua mgonjwa hakumo katika hesabu; kwa namna tiba hiyo inavyotolewa leo, yuko usingizini na hajui lolote.

Basi tuseme “tiba ya mtukutiko”? Au, kama alivyonishauri mtu mmoja kwa nia njema kabisa, “tiba ya degedege”? La hasha. Degedege ni ya mtoto mwenye homa kali, na yapo majumba ambako likitajwa neno hilo anatafutwa mganga kabla ya bodaboda ya kwenda zahanati. Tena iko shida ya kisarufi. Kiunganishi cha -a kina nyuso mbili: tiba ya malaria huondoa malaria, lakini tiba ya mvuke hutumia mvuke. Ukiandika jina la maradhi baada ya “tiba ya”, masikio ya Mswahili yanakwenda upande wa kuondoa. Umeme si maradhi, kwa hiyo “tiba ya umeme” haina utata huo. Ichukue. Ni fupi, na haina fujo.

Kisha, mara ya kwanza unapoitaja, ifungue kwa sentensi nzima. Mimi ningeandika hivi: “Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, halafu umeme hupitishwa kichwani kwa sekunde chache ili ubongo utukutike kwa muda mfupi, mara nyingi usiozidi dakika moja.” Angalia “hupitishwa”. Angalia pia “nusukaputi”, neno ninalolipenda kupita kiasi, nusu yake yetu na kaputi yake ya Mjerumani. Usiweke “ganzi”, kwa sababu ganzi ni ya jino au kidole na mwenyewe yuko macho. Usiweke “dawa ya usingizi” peke yake, maana nyumbani hiyo ni kidonge cha kumeza saa nne usiku. Na pale utakapoeleza madhara, usiandike “kupoteza kumbukumbu”. Ndugu atadhani mgonjwa atarudi hamjui mkewe. Andika kwamba anaweza kusahau baadhi ya mambo ya siku au miezi ya karibu na matibabu, kwamba mengi hurudi, na kwamba kwa wengine baadhi hayarudi. Ni maneno mengi zaidi, lakini ni ya kweli.

Sasa ugonjwa. Sonona umeipatia, ni kitenzi kilichogeuzwa jina, kuumia ndani kwa ndani, ndugu yake sononeka. Usikubali wakubadilishie “msongo wa mawazo”, huo umetoka kwenye kusonga, kama tusongavyo ugali wa mtama: mambo yamekubana, lakini hujaugua bado.

“Isiyotibika” ifute leo. Kiambishi -ik- pamoja na ukanushi -si- hapo vinasema haiwezekani, na ukurasa unaofuata unasema inawezekana kwa umeme. “Isiyosikia dawa” ni Kiswahili kitamu, ndivyo bibi angesema, na nilikaribia kukupendekezea. Lakini kila Mswahili akisikia maneno hayo anaimalizia methali mwenyewe: sikio la kufa halisikii dawa. Umemweka mgonjwa wa sonona kaburini, tena umemtupia lawama ya ukaidi. Kwa maradhi haya, ambayo mwenyewe tayari anajilaumu mchana na usiku, hapana.

Inabaki sugu. Sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganjani kwa mshika jembe. Kutoka hapo neno limekwenda njia mbili. Liko la “magonjwa sugu”, yaani ya muda mrefu, kama kisukari. Na liko la “usugu wa vimelea dhidi ya dawa”. “Sonona sugu” tupu inaweza kusomwa kwa njia zote mbili: mtu aliyeumwa miaka kumi bila kuonja kidonge, na mtu wa miezi minane aliyemaliza dawa za aina mbili bila nafuu. Utafiti wako unamhusu wa pili. Andika “sonona iliyo sugu kwa dawa”, ueleze papo hapo: dawa angalau za aina mbili, kila moja kwa dozi kamili na kwa wiki za kutosha. Na iwe kwa dawa, isiwe kwa tiba. Umeme nao ni tiba. Ukisema ugonjwa ni sugu kwa tiba, umejifungia mlango mwenyewe.

La damu ni jepesi. Dalili anaisema mgonjwa: silali, sina hamu ya kula. Kipimo ni kitendo cha maabara, na siku hizi hata majibu yenyewe (“vipimo vimetoka”). Kinachoonekana ndani ya damu ni kiashiria. Kwa mfano CRP, protini ambayo ini hutoa kwa wingi mwili ukiwa na maambukizi au jeraha, au BDNF, inayosaidia seli za ubongo kukua. Usifupishe kuwa “viashiria vya damu”, itasomeka kama ishara kwamba pana damu mahali. “Viashiria vilivyomo katika damu” inatosha. Ongeza kwamba hadi sasa hakuna kiashiria kilichomo katika damu ambacho daktari hukitegemea peke yake kuchagua tiba ya sonona. Sentensi hiyo ina kazi: wenzetu wakitoka maabara husema “wamepima damu, hawajaona kitu”, na kwa mwenye sonona hiyo husikika kama “unajisingizia”.

Neno moja hukuniuliza. Umeandika damu “inaweza kutabiri”. Damu inayotabiri ni ya kwenye ramli. Weka “kukadiria”, au “kuonyesha mapema”. Kutabiri tuwaachie watu wa hali ya hewa, na kwa mvua za hapa Dodoma, hata wao nawaonea huruma.