Tangi la Kibosho: loga inasema mita 1.8, fimbo ya kupimia inasema 1

Kaka, sensa yako, kile kifaa kinachopima kina cha maji tangini, ni nzima. Kosa liko kwenye hesabu uliyoiwekea loga, ile mashine inayorekodi vipimo vya sensa. Umesema sensa ni ya mita 0 hadi 5, inatoa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20, na sasa inasoma 7.2. Wewe umechukua 7.2, ukagawa kwa 20, ukazidisha kwa 5, ndiyo hiyo 1.8. Kwa hesabu hiyo hata tangi likikauka kabisa loga itakuambia kuna mita 1 ya maji, na kahawa itakosa maji huku wewe umetulia.

Sifuri ya maji ni miliampea 4, si 0. Toa 4 kwanza, gawa kwa 16, kisha zidisha kwa 5: 3.2 ÷ 16 × 5 = mita 1, sawasawa na fimbo yako. Kwenye loga weka kizidishi 0.3125 na ofseti (namba ya kujumlisha mwishoni) -1.25.

Kama loga yako inapokea volti tu na umefunga rizista ya ohmu 250 ya kugeuza mkondo kuwa volti, basi kizidishi ni 1.25, ofseti ileile. Ila ipime ohmu hiyo rizista kwa multimita, tafadhali. Zile ambazo ohmu zake huweza kupotoka kwa asilimia 5 zinaweza kukudanganya sentimita 31 tangi likijaa.

Na usiilazimishe loga kugeuza namba hasi kuwa sifuri. Siku ukiona -1.25, ujue waya umekatika na mkondo umekuwa 0.