Nina vyeti tisa, mbona nilisahau kipimo cha klorini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni afisa afya, huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Kila mwaka nahudhuria mafunzo ili nihuishe leseni, na nina vyeti tisa, vitatu vikiwa vya kukabiliana na maafa. Mafuriko yalipotufika, watu walihamia kwenye jengo la shule na wengine wakaanza kuharisha. Nikaambiwa niandae maji ya klorini ya kusafishia. Nilisimama na kopo la poda mkononi, kipimo kimenitoka kabisa kichwani. Kijana wa kujitolea ndiye aliyesoma maelekezo kwenye kifuniko. Sasa nisome kozi gani nyingine?
– Afisa mwenye aibu

JIBU: Marahaba mwanangu. Aibu hiyo naifahamu. Niliwahi kuwa wa kwanza darasani katika kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga. Mwalimu alinisimamisha mbele niwaonyeshe wenzangu. Miezi minane baadaye nikatoka kumhudumia mgonjwa wa kweli, nimechoka, jasho linaniingia machoni, nikaanza kuvua barakoa huku glavu chafu zikiwa bado mikononi. Mwenzangu alipiga kelele ndipo nikashtuka. Hatari kubwa ya kujiambukiza iko wakati wa kuvua, nami nilikuwa nimewafundisha watu jambo hilohilo.

Kwa hiyo sikutumi kwenye kozi ya kumi. Ujuzi wa mikono hupotea haraka kuliko maarifa ya kusoma. Waliopimwa baada ya kufundishwa kufufua mtu ambaye moyo umesimama wameonekana wakianza kupoteza ustadi ndani ya miezi mitatu hadi sita. Wewe ulishika poda kwenye semina mara moja, labda hata hukuishika, uliona picha yake ukutani. Kichwa chako hakina kasoro yoyote, ila mikono yako haijarudia.

Tuirudie basi hapa hapa. Chukua kiwango unachotaka, kigawanye kwa nguvu ya poda iliyoandikwa kwenye kopo, kisha zidisha kwa 1,000. Utapata gramu za kutia katika kila lita ya maji. Tuseme unataka asilimia 0.5, kiwango cha kusafishia sehemu zilizochafuliwa na damu au majimaji ya mwili, na poda yako ni ya asilimia 70. Hapo 0.5 gawanya kwa 70, mara 1,000, ni gramu 7 na kidogo kwa lita. Ndoo ya lita 20 itahitaji kama gramu 143. Ikiwa dawa ni ya maji yenye nguvu ya asilimia 5, gawanya 5 kwa 0.5 upate 10, toa 1: sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji.

Naomba ushike njia ya kukokotoa, usikariri jibu. Wakati wa maafa misaada hutoka huku na huku. Leo poda ya asilimia 70, kesho imeletwa ya 35. Aliyekariri "gramu saba" atachanganya maji yenye nusu ya nguvu inayotakiwa na atalala akiamini amefanya kazi. Na usitumie hesabu hii kwa maji ya kunywa. Hayo yana kipimo chake kidogo mno, na hupimwa klorini inayobaki baada ya dakika 30: miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita.

Sasa fanya hivi. Chagua siku moja katika kila mwezi, dakika 20, ujuzi mmoja tu. Mwezi huu klorini, ujao kuvua mavazi, unaofuata kupima mzingo wa mkono wa mtoto kwa utepe na kumtambua mwenye utapiamlo mkali, yaani aliye chini ya milimita 115. Tumieni vifaa vyenu wenyewe. Pimeni kijiko chenu kwenye mizani mjue kinabeba gramu ngapi, muandike jibu kwenye mpini kwa wino usiofutika. Na mwiteni mtu wa usafi. Jambo hili linaniuma: semina huitiwa mkuu wa kituo, lakini ndoo hushikwa na mtu wa usafi, ambaye hajawahi kuitwa popote. Mkifika mwezi wa tatu wa mazoezi, mwache yeye awafundishe ninyi.

Alama za leseni endelea kuzitafuta, ni haki yako na ni sheria. Ila kabla hujajiandikisha, uliza kama washiriki watagusa vifaa. Wakikujibu kwamba kuna mada kumi na moja kwa siku mbili, tafuta kwingine.

SWALI: Mama, mkuu wetu anasema zoezi la maafa lisubiri bajeti. Ni mwaka wa tatu tunasubiri. Tufanyeje?
– Muuguzi

JIBU: Zoezi kubwa lenye magari na majeruhi wa kuigiza linahitaji fedha, hapo mkuu wako yuko sahihi. Lakini lipo zoezi la mezani, nalo linahitaji meza, karatasi na saa moja na nusu. Mmoja asome: "Ni saa tisa usiku, umeme umekatika, watu 600 wameingia kwenye jengo la karibu." Kisha kila mtu aseme atafanya nini, akitaja jina na namba ya simu, asiseme "wahusika watajulishwa".

Leteni viwango vya chini vya Sphere, vile vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, basi watu 600 wanahitaji lita 9,000. Nani atazileta, na kwa chombo gani? Bomba moja kwa watu 250, kwa hiyo matatu. Choo kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, ndiyo 12, na baadaye kimoja kwa watu 20, ndiyo 30. Mara nyingi zoezi hukwama mapema kabisa, kwenye swali la nani ana ufunguo wa stoo usiku. Hapo ndipo faida yake ilipo. Andikeni kila mlipokwama, jina la atakayerekebisha na tarehe, na karatasi hiyo mpelekeeni mkuu wenu. Ni rahisi zaidi kuombea bajeti pengo lililoandikwa kuliko hofu ya jumla.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa kujitolea na sikusoma sana. Je, mafunzo haya yananihusu?
– Mjitoleaji

JIBU: Yanakuhusu sana. Eneo ambalo sasa ni Bangladesh lilipigwa na kimbunga Novemba 1970, na waliokufa hawapungui 300,000. Baada ya hapo serikali na shirika la misaada la Hilali Nyekundu walijenga mtandao wa wajitoleaji vijijini, watu wa kawaida wanaofunzwa na kufanyishwa mazoezi tena na tena, wanaopita na vipaza sauti na kupandisha bendera za tahadhari. Kimbunga Sidr kilipokuja mwaka 2007, kikali vilevile, waliokufa walikuwa maelfu machache. Majengo ya kukimbilia na utabiri bora vilichangia sana, lakini onyo lilifikishwa mlangoni na watu kama wewe.

Mwombe afisa wako akuingize kwenye zoezi lijalo, naye akupe kazi ya kufanya siku hiyo. Ukiambiwa ukae pembeni utazame, omba ushike hata orodha ya majina.