Barua kwa Neema: usiku mmoja haukutoshi

Mwanangu Neema,

Salamu kutoka Mwanza. Huku hatujambo, ziwa limetulia wiki nzima na dagaa wamejaa sokoni. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Unauliza mkodi RV, lile gari lenye nyumba ndani, ya futi 24 au ya futi 30, na kama kuna haja ya kulipia sehemu yenye umeme. Halafu katikati ya maneno, haraka haraka, ukataja kwamba mumeo, Baba Imani, amepanga siku tatu kwenye hifadhi za kaskazini ya Minnesota: Itasca usiku mmoja, Lake Bemidji usiku wa pili, Voyageurs usiku wa tatu. Mimi masikio yangu yalibaki hapo. Habari ya futi sikuisikia tena.

Nilishakuambia na narudia: kulala usiku mmoja si kupiga kambi, ni kuegesha gari.

Wewe ulikuwa na miaka tisa, Agosti ya mwaka 2003. Mbu najua unawakumbuka. Mengine huyakumbuki kwa sababu njia nzima ulilala. Baba yako alitoka zamu ya usiku kiwandani, akapumzika saa mbili tu, akaenda kuchukua ile nyumba ya magurudumu, ndivyo alivyoiita. Kabla ya kutia saini aliizunguka mara mbili taratibu, ameweka mikono nyuma, kama babu yako alivyokuwa akizunguka ng'ombe mnadani. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tufike Minnesota.

Tulitoka Brooklyn Park jua limeshapoa. Kwa gari dogo ni mwendo wa saa nne hivi, na lile halikuwa gari dogo. Tukaingia Itasca saa tano usiku. Kambi za jimbo zinataka kimya kuanzia saa nne, kwa hiyo watu walikuwa wamelala na giza lilikuwa la kushikika. Nikashuka na tochi nimuelekeze baba yako arudi nyuma kati ya misonobari bila kugusa mti wa watu. Gari likakaa limeinama kushoto. Akaweka vibao chini ya matairi, akapanda, akaweka kikombe cha maji mezani, akainama kuangalia kama maji yamelala sawa. Akashuka, akaongeza kibao. Akapanda tena. Mpaka saa saba usiku nilikuwa nasikia mlango ule ukifunguka na kufungwa.

Ndipo yule ndege wa ziwani akalia, yule wanayemwita loon. Kilio kirefu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya maji. Baba yako akasimama na kibao mkononi, akasema, "Mama Neema, sikiliza." Tukasikiliza. Hiyo ndiyo dakika aliyoipata.

Asubuhi aliamka na karatasi ya wenye gari: lirudi saa kumi jioni, matanki yawe matupu, ukichelewa unalipa siku nzima. Akaenda kupanga foleni kumwaga maji ya choo. Aliporudi suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, bomba limepasuka kwenye kiungo. Tulipofika kwenye chanzo cha mto Mississippi, unaoanzia palepale ziwa la Itasca, tulikuwa na dakika arobaini kabla ya kugeuza.

Unajua tulikwenda kule kwa ajili ya nani. Sikwenda kwa ajili yangu, wala kwa ajili yako. Ni yeye aliyekuwa akitusimulia mezani habari za vyanzo vya mito. Kwamba Speke, yule mpelelezi Mwingereza, aliliona ziwa letu la Viktoria mara ya kwanza hapa hapa Mwanza, mwaka 1858, na msaidizi wake Mwafrika, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa naye. Kwamba kule Minnesota, mwaka 1832, mpelelezi Mmarekani, Schoolcraft, alipelekwa kwenye ziwa la Itasca na Ozawindib, mzee wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa kule, aliyezijua njia zile, kisha mgeni akaunga vipande vya maneno mawili ya Kilatini akapata jina, kana kwamba ziwa halikuwa na jina. Baba yako alikuwa akisema kila mto una mwenyeji aliyetangulia mbele na mgeni aliyeandika. Alitaka kusimama pale kwenye mawe alitamke jina la Ozawindib kwa sauti. Aliniambia hivyo.

Na hakusimama. Alisema, "Nendeni, mimi nikaze hili bomba. Tutarudi mwakani."

Nikakushika mkono. Nilikunja kanga ya chungwa mpaka magotini, tukavuka Mississippi juu ya mawe, hatua chache tu, maji baridi yanapita kwenye vidole. Mawe yana utelezi kama ya kwetu Bwiru. Ulipofika katikati ukageuka ukapiga kelele, "Baba yuko wapi?" Wazungu wakacheka kwa upendo. Mimi sikuweza.

Nilisoma lile gogo lenye maandishi, futi 1,475 juu ya usawa wa bahari, maili 2,552 mpaka Ghuba ya Meksiko, nikayashika kichwani nimpelekee. Nilipomwambia aliuliza kitu kimoja: "Pale mwanzo maji yanaelekea wapi?" Nikasema sikuangalia. Akasema, "Kaskazini. Yanakwenda kwanza kaskazini mpaka Bemidji, ndipo yanageuka." Alikuwa anajua bila kuona. Kisha akawasha gari.

Mwakani hatukurudi. Mwaka uliofuata zamu zilibadilika, baadaye masomo yako, baadaye tukarudi nyumbani, na mwaka 2016 unaujua.

Sasa najua utasema nini. Siku moja ya faini ilikuwa malipo ya siku mbili za kiwandani, na kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Ni kweli. Mwanaume aliyelinda pesa ya familia huwezi kumwita mkosaji. Lakini dakika kumi, Neema! Bomba lingesubiri dakika kumi. Na mimi nilikuwa na mdomo, ningeweza kumvuta mkono nikamwambia acha. Sikumwambia. Nilidhani mwakani upo. Basi siwezi kusema alikosea, na nikisema hakukosea moyo unakataa. Niishie hapo.

Turudi kwenye mpango wenu. Baba Imani ni mkwe wangu na ninamheshimu, sitaki kupangia nyumba ya watu. Ila aangalie jambo moja: kambi za ndani ya Voyageurs zinafikiwa kwa mashua tu. RV haifiki. Usiku wa tatu mtalala nje ya hifadhi hata hivyo, kando ya barabara. Na Bemidji si mbali na Itasca, mnaweza kwenda mchana mkarudi kulala palepale. Nafasi za kambi za Itasca zinafunguliwa siku 120 kabla, kwa hiyo hesabu leo, usingoje Mei. Kambi ya Bear Paw iko karibu na ziwa, Pine Ridge nayo ni nzuri. Kuni nunueni hukohuko, msibebe za mjini, zinahamisha wadudu wanaoua miti. Jioni mkague Imani kupe, nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya magoti.

Na mwoneshe misonobari ile mikubwa, umwambie habari za Mary Gibbs. Mwaka 1903 baba yake, msimamizi wa hifadhi, alifariki, na yeye binti wa miaka 24 akashika kazi. Wakata magogo walikuwa wamezuia maji kwa bwawa, ziwa likapanda likawa linaharibu kingo. Akaenda kuwaambia wafungue, wakamtishia kwa bunduki, naye hakurudi nyuma. Hiyo baba yako aliipenda kuliko zote. Alisema, mtoto wa kike akiachiwa kitu na baba yake hukilinda hivyo.

Ulichouliza: futi 24. Ile ya 30 itamtesa Baba Imani kwenye kurudi nyuma, na sehemu nyingine haiingii. Umeme lipieni, kwa ajili ya mashine ya pumu ya mtoto. Siku ngapi, mtaamua wenyewe. Nilikuwa nimeapa nisitaje idadi. Tatu, Neema. Tatu palepale.

Na mkifika kwenye mawe, wote watatu mvuke, gari libaki limefungwa. Bomba likivuja, livuje.

Mama yako,
Mwanza