Maswali na majibu ya kisukari: mnampimia daktari au mnajipimia wenyewe?

Siku mbili kabla ya kliniki naacha ugali na soda na kulala njaa. Asubuhi sukari inasoma 5.8 na daktari anafurahi. Sasa kipimo cha miezi mitatu kimetoka asilimia 9.6. Kipi kinadanganya? (Msomaji, Morogoro)

Vipimo vyote viwili vimesema kweli. Cha kidole kimesema habari ya asubuhi ile. Hicho cha miezi mitatu, HbA1c, hupima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takriban siku 120, kwa hiyo inakumbuka ugali na soda zote ulizokula kabla ya zile siku mbili. Watu wazima wengi hulengwa wawe chini ya asilimia 7.

Daktari akiona 5.8 anakuachia dozi ileile, na macho na figo vinazidi kuumia. Tena kama unachoma insulini au unameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, kulala njaa kunaweza kukushusha sukari usiku wa manane wakati wenzako wamelala. Ukiambiwa ufunge usiku mmoja kwa ajili ya kipimo, funga. Siku nyingine kula unavyokula kila siku, daktari akuone ulivyo.

Mashine ilisoma 14, nikarudia ikasoma 7.9. Ni mbovu? (Msomaji, Tanga)

Ulikuwa umetoka kumenya embe? Sukari ya tunda ikibaki kidoleni, mashine huisoma nayo. Nawa kwa sabuni, kausha vidole, ndipo utoboe. Angalia pia tarehe kwenye kopo la vijiti vya kupimia. Nimelijibu hili mara nyingi mno.

Mimi ni nesi kliniki ya kisukari. Tunajuaje mgonjwa anajitunza, zaidi ya kumuuliza kama anafuata masharti? (Msomaji, Mwanza)

Asante kwa kuuliza, maana swali hilo la masharti jibu lake ni "ndiyo" tu. Nani atasema hapana mbele ya koti jeupe?

Hesabu siku. SDSCA, dodoso la kujitunza kwa wenye kisukari la Toobert, Hampson na Glasgow, lililochapishwa mwaka 2000, huuliza hivyo: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulifanya mazoezi angalau dakika 30? Siku ngapi ulipima sukari? Siku ngapi ulikagua miguu, na siku ngapi ulichungulia ndani ya viatu? Chakula kimo, sigara imo, na dawa zina maswali yake ya nyongeza. Kila eneo lisome peke yake. Mtu anaweza kumeza vidonge siku saba na asiitazame miguu hata siku moja, na kidonda kikaanzia hapo.

Akijibu kwamba hakupima hata siku moja, muulize kwanza kama ana vijiti. Vijiti ni pesa, na wengi wanachagua kati ya kijiti na nauli ya kuja kwako.

Nimeona madaftari ya kliniki yenye namba za mwezi mzima zilizoandikwa kwa kalamu moja, wino mmoja: 6.2, 6.5, 6.4. Zimeandikwa kwenye benchi la kusubiria. Mgonjwa hufanya hivyo kwa sababu mara ya mwisho alipoleta 13 alifokewa mbele za watu. Acheni kufoka, namba za kweli zitakuja. Na mtu akiwa na siku nzuri kwenye dodoso huku HbA1c iko juu, msimwite mkaidi. Kisukari aina ya pili huzidi kadiri miaka inavyokwenda, na vidonge vilivyomtosha zamani huenda havimtoshi tena. Hapo anayepaswa kubadilika ni daktari, aongeze dawa.

Nikinywa unga wa mlonge naweza kuacha metformin? (Wasomaji wengi)

Hapana. Na msiniulize tena wiki ijayo kwa jina la mmea mwingine.

Binti yangu ana selimundu na kisukari. HbA1c yake ni 5.4, lakini nyumbani mashine inasoma 11 na 12. Niamini ipi? (Mama, Musoma)

Amini mashine, mama. Kwa mwenye selimundu chembe nyekundu hufa mapema kabla hazijabeba sukari ya kutosha, hivyo HbA1c hutoka chini kuliko hali halisi. Aliyeongezewa damu karibuni naye kipimo hicho humpotosha. Mrudishe binti kliniki wiki hii na daftari la vipimo vya nyumbani, lenye saa na tarehe. Waambie wazi kuwa ana selimundu, hata kama imeandikwa kwenye faili, na uulize kama hospitali inapima frutosamini, yaani sukari iliyonata kwenye protini za damu badala ya chembe nyekundu. Akianza kutapika au kuhema kwa kasi, usingoje siku ya kliniki, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.